Aliyeondoka na Aliyebaki: Uhamisho wa Mwandishi na Dhamiri ya Mhakiki

Uhusiano wa mwandishi na dola umeandikwa mengi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na sehemu kubwa ya maandishi hayo humtazama mwandishi kama shahidi: alisema nini, alisema kwa ujasiri wa kiasi gani, na alilipishwa nini kwa kusema kwake. Makala hii haikusudii kuyarudia hayo. Swali lake ni dogo zaidi na, kwa maoni yangu, ni gumu zaidi. Mwandishi anapoihama nchi yake kwa sababu ya dhuluma ya watawala, na mwenzake akabaki, ni nani kati yao aliye na haki ya kumhukumu mwingine? Na sisi tunaowasoma wote wawili, tena tukilipwa mshahara kwa kuwasoma, tumesimama wapi?

Tuanze na lugha yenyewe, kwani imekwisha kutoa hukumu kabla yetu. Mkimbizi ni mtu anayekimbia. Miguu ni yake na uamuzi ni wake. Uhamisho, kwa upande mwingine, umetokana na kuhamisha, na kauli hiyo ya kutendesha inadai kuwepo kwa mtu wa pili, yule anayemfanya mwenziwe ahame. Tukisema kwamba fulani yuko uhamishoni tumekwisha kumgusia aliyemhamisha, hata kama hatukumtaja kwa jina. Tukisema kwamba ni mkimbizi, yule wa pili ametoweka katika sentensi. Lipo na neno la tatu ambalo watawala aghalabu hulipenda zaidi, nalo ni mtoro. Mtoro amekosa tangu mwanzo, maadam ametoroka mahali alipowajibika kuwapo. Katika kuchagua moja kati ya maneno haya matatu mtu huwa amekwisha kuchagua upande, ajue asijue.

Naandika haya nikiwa Ruiru, na kazi yangu ya kufundisha iko Thika. Kila asubuhi nasafiri kwa matatu katika barabara iliyopanuliwa ikakamilika mwaka 2012, nikiyatazama mashamba ya kahawa yanavyozidi kugeuka majumba ya kupangisha. Si mbali na Ruiru, upande wa kuelekea Kiambu, iko gereza kuu la Kamiti, lililojengwa na wakoloni katika miaka ya hali ya hatari. Dedan Kimathi alinyongwa humo tarehe 18 Februari 1957. Baada ya uhuru gereza hilo halikukosa kazi. Abdilatif Abdalla alitungia humo mashairi ya diwani ya Sauti ya Dhiki, na Ngũgĩ wa Thiong'o akaandikia humo riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1978. Wote wawili waliandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na wote wawili hatimaye waliishi uhamishoni. Kwa hiyo kazi mbili kubwa za fasihi ya Kenya zimezaliwa karibu sana na mahali ninapolala, na wengi wa wanafunzi wangu, ambao hupita njia hizi kila siku, hawalijui jambo hilo. Nitalirudia baadaye, kwani ndilo lililonisukuma kuandika.

Mjadala kuhusu aliyeondoka na aliyebaki haukuanzia kwetu. Ulipata kupiganwa kwa ukali mkubwa nchini Ujerumani mwaka 1945, na mhusika wake mkuu alikuwa Thomas Mann, mwandishi wa riwaya aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari 1933. Siku chache baadaye, mwezi Februari, Mann alitoka Munich kwenda kutoa mihadhara Amsterdam, Brussels na Paris kuhusu mtunzi wa muziki Wagner, na wanawe wakubwa, Erika na Klaus, wakamwonya asirudi. Hakurudi. Aliishi Uswisi, kisha kuanzia mwaka 1938 akahamia Marekani.

Sehemu ya habari hii ambayo wasifu wake wa kishujaa huipitia mbio ni ile ya miaka mitatu ya mwanzo. Kaka yake, Heinrich, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya, alichomewa vitabu hadharani mwezi Mei 1933 na kunyang'anywa uraia mwezi Agosti mwaka huohuo. Klaus alianzisha jarida la waandishi wa uhamishoni mjini Amsterdam, na baba yake, kwa kushinikizwa na mchapishaji wake aliyekuwa bado yuko Berlin, akajitenga nalo hadharani. Thomas Mann alinyamaza. Vitabu vyake viliendelea kuuzwa Ujerumani, na yeye hakutaka kuwapoteza wasomaji wake. Mpaka mwezi Februari 1936 ndipo alipoandika barua ya wazi katika gazeti la Zürich na kujitangaza kuwa mmoja wa waliohamishwa. Mwezi Desemba mwaka huo alivuliwa uraia, na Chuo Kikuu cha Bonn kikamwondolea shahada ya heshima kilichokuwa kimempa.

Sitaki kuudharau ukimya huo wala kuutetea. Nautaja kwa sababu unaivunja dhana kwamba kuondoka peke yake ni kupinga. Mtu anaweza kuwa nje ya mpaka na bado moyo wake ukawa unafanya hesabu za ndani: nikisema neno hili, nani atanisoma kesho? Aliyebaki hufanya hesabu hiyohiyo, tofauti ni kwamba kwake hesabu ikikosewa hulipwa kwa mwili.

Baada ya mwaka 1936 Mann hakurudi nyuma tena. Kuanzia mwezi Oktoba 1940 alizungumza na Wajerumani kupitia BBC, hotuba zaidi ya 50 hadi vita vilipokwisha, na mwaka 1942 aliwaambia wasikilizaji wake waziwazi kuhusu Wayahudi waliokuwa wakiuawa kwa gesi. Hapa ndipo palipo na faida ya uhamisho isiyopatikana kwingine. Aliyebaki hulazimika kusema mamba, fisi, chui, na kumwachia msomaji kazi ya kufumbua. Aliye nje anaweza kutaja jina, mahali na tarehe.

Vita vilipokwisha, Walter von Molo alimwandikia barua ya wazi akimsihi arudi kuwaponya Wajerumani wenziwe. Akafuata Frank Thiess, ambaye alidai kwamba wako waandishi waliobaki wakiwa wamejihamisha ndani ya nafsi zao, na kwamba hao walijifunza mengi zaidi kuliko wale walioitazama tanzia wakiwa wamekaa salama ng'ambo. Jibu la Mann lilikuwa kali. Alisema kwamba vitabu vyote vilivyochapishwa Ujerumani kati ya mwaka 1933 na 1945 vilikuwa, machoni mwake, havina thamani, vinanuka damu na aibu, na vinastahili kusagwa.

Kwa mawazo yangu wote wawili walikosea, tena kwa namna moja. Kila mmoja aliipima dhamiri kwa mahali. Thiess aliona kwamba mateso ya kubaki ni hoja, ilhali mateso si hoja. Mtu anaweza kuteseka sana na asiwe amesema lolote la kweli. Mann aliona kwamba tarehe na mji wa uchapishaji ni ushahidi wa kutosha wa hatia, akasahau kwamba vitabu vyake mwenyewe vilikuwa vikiuzwa katika mji huohuo mpaka mwaka 1936. Na tumweke wapi mtu kama Ernst Wiechert, aliyebaki, akasema, akatupwa katika kambi ya Buchenwald mwaka 1938?

Kabla ya kuvuka kuja kwetu, hapana budi niseme jambo moja. Sidai kwamba Kenya ya Jomo Kenyatta au ya Daniel arap Moi ilikuwa Ujerumani ya Hitler. Mlinganisho wa aina hiyo ungewakosea heshima mamilioni waliouawa, na ungetupumbaza sisi pia, kwani tungeishia kusema kwamba maadam yetu hayakufika kiwango kile basi yalikuwa madogo. Ninacholinganisha ni hali ya mwandishi, na hasa kile ambacho dola humfanyia kitabu chake baada ya yeye mwenyewe kuondoshwa.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo ni ndugu yake. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22 na mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Kwa waraka huo alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu, mwaka 1969 hadi 1972. Chama chenyewe kilipigwa marufuku mwezi Oktoba 1969. Alipotoka alikwenda Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1979, kisha BBC mjini London, kisha akawa mhariri wa jarida la Africa Events, na kuanzia mwaka 1995 akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Hivyo mshairi wa Mombasa alikwenda kuishi katika nchi ambayo Mann aliikimbia, au tuseme aliyohamishwa, tukibaki na msamiati wetu.

Yafaa tuzingatie kwamba uhamisho wa Abdilatif ulianzia Kamiti, miaka mitatu kabla ya kuvuka mpaka wowote. Mtu wa pwani, mwenye Kimvita chake kilichojaa chumvi ya bahari, aliwekwa peke yake katika nyanda za juu zenye baridi, mbali na kila mtu ambaye angeweza kuisikia lahaja hiyo kama kawaida ya maisha. Nimepata kujiuliza kama ukavu wa baadhi ya wahakiki wanaoilalamikia Sauti ya Dhiki kwa ugumu wa msamiati hautokani na kusahau jambo hili. Lahaja ile ilikuwa nyumba yake ya pekee humo ndani. Kinyume chake, Dar es Salaam haikuwa uhamisho wa lugha hata kidogo. Mann alipofika Marekani alijitangaza kwamba alipo yeye ndipo ilipo Ujerumani, maneno ya majivuno ambayo pia ni ya mpweke. Abdilatif hakuwa na haja ya kusema hivyo, kwani alikwenda mahali ambapo lugha yake ilikuwa imekaa kwenye kiti cha enzi, katika taasisi iliyokuwa ikiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Kwamba mshairi wa Kimvita alipewa hifadhi katika nyumba ya usanifishaji ni kinaya ambacho kingefaa makala yake peke yake.

Sauti ya Dhiki ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Mwaka 1974 ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo hiyo ilibeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi, na mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka nchini. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Wanazi walimwondoa mwandishi pamoja na kitabu; walikichoma, walikipiga marufuku, wakamvua mwenyewe uraia na hata shahada. Kwetu kitabu kilibakishwa na kupambwa, aliyekwenda ni mtu. Sisemi kwamba waliotoa tuzo walikusudia hila; yamkini walikuwa wasomaji waaminifu waliotambua ushairi mzuri walipouona, na pengine walihitaji ujasiri wao wenyewe. Lakini matokeo yake ni kwamba kitabu kiliingia madarasani kikiwa hakina mwenyewe, na kitabu kisicho na mwenyewe hufundishwa upendavyo.

Na sisi tulipenda kuhesabu mizani. Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa miaka ya mgogoro kati ya wanajadi na wanamapinduzi wa ushairi, na nguvu nyingi za uhakiki zilikwenda kwenye swali la vina. Nimeisoma Sauti ya Dhiki ikitajwa kama kithibitisho kwamba arudhi inaweza kubeba mawazo mapya, nami mwenyewe nimeitumia hivyo mara nyingi darasani. Si uongo. Lakini ni ukweli unaomwezesha mwalimu kumaliza saa nzima juu ya shairi la "Mamba" bila ya kumuuliza mwanafunzi mamba ni nani na mto ni upi.

Mwalimu aliyenifundisha ushairi kwa mara ya kwanza, katika miaka ya katikati ya 1990, alikuwa na tabia moja tuliyokuwa tukiicheka. Kabla ya kulisoma shairi hilo alikuwa akifunga dirisha. Vyama vingi vilikuwa vimesharudi, magazeti yalikuwa yakiandika wapendavyo wahariri, na hapakuwa na mtu nje ila mtunza bustani. Alitueleza vina vya kati na vya mwisho, akatuamuru tulihifadhi shairi lote kwa moyo, akafungua dirisha. Hakusema neno moja kuhusu Kamiti. Nilipokuja kuijua habari yenyewe nikiwa chuoni nilimkasirikia sana. Niliona kwamba alitunyima kiini na kutupa ganda. Leo, nikiwa na umri unaokaribia ule aliokuwa nao, simkasirikii tena. Alikuwa ameanza kufundisha katika miaka ambayo walimu walikamatwa. Hofu ilikuwa imebaki mwilini mwake baada ya sababu yake kwisha. Na pamoja na hofu hiyo alitukabidhi shairi zima, akahakikisha kwamba hatuwezi kulipoteza. Kama kuna uhamisho wa ndani unaostahili jina hilo, basi ni ule wa dirisha lililofungwa.

Wa kushtakiwa ni mimi. Hakuna aliyenitisha. Nimefundisha diwani ile kwa miaka kadhaa chini ya katiba ya mwaka 2010 inayolinda uhuru wa taaluma, na bado nilikuwa nikianza na mizani, nikitaja kifungo cha mtunzi kwa sentensi moja ya wasifu, kati ya mwaka wa kuzaliwa na orodha ya vitabu. Ukimya wa aliyeogopa una maelezo. Ukimya unaorithiwa kama mbinu ya kufundishia hauna, na ndio ninaoudhani kuwa mbaya zaidi kuliko wowote ambao Mann na Thiess walishutumiana nao.

Muhula mmoja, tukiwa katika somo hilohilo, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama ungekuwa mhadhiri mwaka 1982, shairi hili ungelifundisha namna gani?" Binti huyo amekulia jirani na Kamiti. Swali lake halikuwa la kubahatisha. Mwaka 1982 Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki ya mwaka 1981, aliwekwa kizuizini akiwa mhadhiri, na Maina wa Kinyatti, mwanahistoria katika Chuo cha Chuo Kikuu cha Kenyatta kilichoko Kahawa, kabla ya kufika Ruiru, akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Katika mwaka huohuo Ngũgĩ alikuwa London na hakuweza kurudi. Yeye na Abdilatif walikuwa miongoni mwa waliounda huko kamati ya kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Nilimjibu binti yule kwamba swali lake liko nje ya mada ya siku hiyo. Darasa likacheka kidogo, kisha likanyamaza.

Nilipokuwa nikilitafakari swali hilo ndipo nilipoisoma upya Doktor Faustus, riwaya ambayo Mann aliiandika California na kuichapisha mwaka 1947. Msimulizi wake si mtu wa uhamishoni. Ni Serenus Zeitblom, mwalimu mstaafu wa lugha za kale, aliyebaki Ujerumani, aliyeacha kazi kwa kuchukizwa na utawala, ambaye wanawe wanautumikia utawala huohuo, na ambaye mwezi Mei 1943 anaanza kuandika kwa siri habari za rafiki yake marehemu huku mabomu yakianguka. Si shujaa. Hakupinga chochote hadharani. Anaipenda nchi yake na anatamani ishindwe, na mkono unamtetemeka anapoyaandika hayo. Mwandishi yuleyule ambaye katika barua yake ya mwaka 1945 alivihukumu vitabu vyote vya waliobaki, alikuwa wakati huohuo mezani kwake akimpa sauti mmoja wa waliobaki, tena mwalimu, na kumfanyia haki ambayo barua ilimnyima. Sijui hoja bora zaidi ya kuitetea riwaya kama njia ya kufikiri juu ya maadili. Katika barua mtu hutetea nafasi yake. Katika riwaya Mann alilazimika kukaa ndani ya chumba cha aliyemkataa.

Upande wetu tunaye Katama Mkangi, ambaye alifanya kinyume chake. Mkangi alibaki. Aliwekwa kizuizini mwaka 1986, akatoka, akaendelea kuishi na kufundisha nchini mpaka alipofariki mwaka 2004. Na riwaya aliyoitoa mwaka 1995, Walenisi, inamhusu mtu aliyetupwa nje: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa kwa chombo cha angani na kujikuta katika nchi ngeni yenye utu asioujua. Wahakiki wameijadili sana kama riwaya ya kiutopia, na wamelifumbua jina lake kuwa "wale ni sisi" kwa maana ya kwamba jamii ile bora inaweza kuwa yetu. Sipingi. Ila nikiisoma baada ya Zeitblom naona maana nyingine ikichomoza: aliyebaki anamwandikia aliyeondoka, na kumwambia kwamba wale walio kule ni sisi tulio hapa. Kuwapanga waandishi wa kizazi kile katika safu mbili, kama nilivyozoea kuwapangia wanafunzi ubaoni, ni kuikosa sentensi hiyo fupi iliyoandikwa juu ya jalada.

Ngũgĩ alirudi kwa ziara mwaka 2004, baada ya miaka 22, akashambuliwa pamoja na mkewe mjini Nairobi, na alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Mann naye aliitembelea Ujerumani mwaka 1949 kama mgeni na kufia Zürich mwaka 1955. Kifo cha Ngũgĩ kilipotangazwa nilisikia wenzangu wakisema kwamba mtu wa namna ile angefia kwao. Nilitaka kuuliza ni nani aliyemhamisha, lakini kikao kilikuwa cha mambo ya mitihani.

Wiki iliyofuata swali la yule binti nilirudi darasani na shairi lilelile. Nilimwomba radhi mbele ya wenziwe, nikamwambia ukweli: yamkini mwaka 1982 ningefunga dirisha, na yamkini ningefanya vibaya zaidi ya hapo. Kisha nikaanza na karatasi ya chooni, kalamu iliyofichwa na mlango uliofungwa kwa nje, na kutoka hapo tukaingia katika vina, ambavyo wanafunzi sasa walivisoma kama kitu ambacho mtu aliyekaa gizani anaweza kukihifadhi kichwani bila ya karatasi. Mjadala ulikuwa mrefu na wa vurugu. Wawili walisema kwamba alipaswa kurudi mapema. Mmoja alisema kwamba hakupaswa kuandika waraka ule kabla ya kuwa na mtu wa kumkimbilia. Binti yule alitaka kujua ni jengo lipi, kwani kutoka kwao huonekana mapaa kadhaa. Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba mwenyewe yuko hai na anaweza kuulizwa.